Fundo la Baba Awuor

Watu wa Dunga, pale ziwani karibu na Kisumu, wakikuambia kwamba mbwa fulani ana kichaa, waulize kwanza wao wamewahi kufuga mbwa gani. Wengi hawajafuga. Wamefuga maneno, na maneno hayana gharama, yananenepa yenyewe bila kulishwa.

Seline alikuwa amezoea kutowajibu. Asubuhi akishuka ufuoni na beseni lake la samaki kichwani, mbwa wake wa rangi ya chai akimfuata nyuma, wachuuzi wenzake walikuwa wakikusanya leso zao magotini kana kwamba maji yanapanda. "Mama Awuor, huyo mbwa wako ameamkaje leo?" Mmoja aliuliza kwa huruma, mwingine kwa kuchokoza, na wote walipata jibu lile lile: "Ameamka." Kisha Seline akainama kuchagua samaki wake.

Mbwa aliitwa Sukari, kwa kuwa alitoka Muhoroni kwenye miwa. Aliletwa na Awuor, binti pekee wa Seline na mumewe Joram. Awuor alikuwa na kazi nzuri huko ya kupima miwa inayoletwa na matrekta, na kila mwisho wa mwezi alikuwa hakosi kuja na kitu cha nyumbani. Mwaka wa tisini na tatu alirudi amekonda, nguo zikimning'inia, na mizigo yake ilikuwa sanduku moja na kijibwa ndani ya kikapu. Ugonjwa wake ulikuwa ule ambao siku zile watu hawakuutaja. Walisema "anaumwa kifua," wakatazamana. Majirani waliokuwa wakimaliza chai ya Seline birika zima wakaanza kukumbuka kazi zao ghafla. Kikombe cha Awuor kikawa hakiguswi na mtu isipokuwa baba yake, mama yake, na Sukari aliyelamba masalio ya uji.

Ni Awuor aliyewafundisha habari ya kifafa cha Sukari. Kwanza mbwa alikuwa akisimama ghafla na kuutazama ukuta, kama mtu aliyeitwa na asijue ameitwa na nani. Halafu miguu inakakamaa, anaanguka ubavu, anapiga miguu kama anayeogelea, povu linamtoka, mkojo unamtoka. Ikiisha, anainuka haoni vizuri, anagonga viti, anatafuta chakula kwa njaa ya ajabu. Mwezi mzima ungeweza kupita bila kuanguka, hata miwili. Halafu anaanguka mara mbili kwa wiki moja.

"Usimshike, Mama," Awuor alisema siku ya kwanza, akiwa amekaa mkekani kwa sababu kusimama kulishaanza kumshinda. "Na usimtie kitu mdomoni. Daktari wa mifugo kule Muhoroni aliniambia, hawezi kumeza ulimi, hayo ni maneno ya watu. Ondoa vitu vya karibu asijigonge. Mfunike macho na leso, umwite jina lake polepole mpaka arudi."

"Na asiporudi?"

"Atarudi. Lakini akirudi akute mtu."

Wiki moja kabla hajafa, alimshika mama yake mkono. Mkono wenyewe ulikuwa hauna uzito. "Mama, Sukari asianguke peke yake. Mimi nimeona watu wanavyorudi nyuma." Seline akaahidi. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Angeahidi hata kulihamisha ziwa.

Awuor alizikwa nje ya ua, kwa sababu hakuwa ameolewa, na binti asiyeolewa hazikwi ndani ya boma la baba yake. Ndiyo desturi, na Seline hakubishana nayo. Lakini jioni ile, watu walipokuwa ndani wakila, Sukari alitoka akaenda kulala kule nje kwenye udongo mbichi. Seline alimwona, akaona kwamba katika boma zima ni mbwa peke yake aliyekataa kumwacha mtoto wake nje.

Joram na Seline waliendelea kuitana kama zamani, Baba Awuor, Mama Awuor. Watu waliooana hawaachi majina hayo kwa sababu ya kaburi. Kwa hiyo asubuhi hadi jioni, akitaka maji ya kunywa, akitaka kujua bei ya samaki, mmoja alikuwa akilitaja jina la marehemu na mwingine akilisikia. Liliwauma, na bado hawakutaka likome.

Joram alikuwa fundi wa boti, mtu wa maneno machache na hasira ya karibu. Mwanzoni hakumpenda Sukari. "Mbwa wa kuanguka anguka atalinda nini?" alikuwa akisema. Baada ya mazishi alikusanya vipande vya mbao vilivyobaki kwenye boti ya mtu, akamtengenezea kitanda kifupi chenye kingo, ili akianguka usiku asibingirike kwenye jiko. Hakusema amekitengeneza kwa nini. Alikiweka tu chini, akarudi kazini.

Sasa sikiliza jinsi wema unavyoweza kumponza mtu.

Ilikuwa Jumamosi, mwaka uliofuata. Joram alikuwa chini ya kibanda chake karibu na maji akipigilia mbao za boti mpya, na watu wamekaa pale kama kawaida, wale ambao kazi yao ni kutazama kazi. Sukari alikuwa amelala kivulini. Akasimama, akautazama ubavu wa boti. Joram aliuona ule mtazamo. Alitupa nyundo, akasukuma kando patasi na misumari, mpaka hapo akawa amefanya yote Awuor aliyosema. Lakini meno ya mbwa yalipogongana na povu likawa na rangi ya damu, Joram aliona ulimi. Yeye alikuwa amekua akiambiwa, kama sote tulivyoambiwa, kwamba mwenye kifafa humeza ulimi akafa. Akaingiza vidole vyake mdomoni mwa mbwa kuutoa.

Sukari hakujua ameuma nini. Taya zilifunga zenyewe, zikafunguka zenyewe, na mkono wa Joram ukatoka umechanika hadi kwenye kiganja.

Aliposikia, Seline alikuwa mbali, upande wa mizani ya samaki. Habari ilimfikia ikiwa imeshaoga na kuvaa nguo: Joram ameumwa na mbwa wa kichaa, povu limemwingia kwenye damu, hana wiki. Alikimbia. Alimkuta mumewe ameketi juu ya gogo, mkono umefungwa shati, Sukari akiyumba yumba akinusa magoti yake, na vijana wanne wamesimama na marungu wakisubiri mtu mzima atoe ruhusa.

"Sogea, Mama Awuor," mmoja alisema. "Tutamaliza haraka."

Seline aliketi chini mchangani, akamvuta mbwa mapajani, akamfunika kwa leso. "Mpigeni," alisema. "Pigeni mahali mnapotaka. Mimi sisogei."

Wakatukana kidogo, wakaondoka. Kumpiga mama wa watu mchana ni kazi nyingine.

Jioni ile afisa wa mifugo alikuja kwa baiskeli. Jina lake Walubengo, mtu mpole aliyependa kufuta miwani yake kabla ya kusema jambo baya. Alimtazama Sukari, akasikiliza habari yote ya kifafa, akafuta miwani. "Ninawaamini," alisema. "Lakini kuamini hakumtibu mtu. Mzee aende hospitali kuanzia kesho achomwe sindano. Mbwa afungwe hapa nyumbani siku kumi. Akizimaliza akiwa mzima, basi hakuwa na kichaa, na mzee yuko salama. Akifa kabla ya hapo, msimzike. Kichwa kitahitajika kwa uchunguzi, na kikae kwenye barafu."

"Kichwa chake?" Seline aliuliza.

"Kichwa, Mama. Pole."

Joram ndiye aliyemfunga, kwa mkono mmoja na meno. Alichukua kamba ya nailoni ya kufungia boti, akamfunga Sukari kwenye nguzo ya kibanda cha nyuma. Alitumia fundo lake, lile ambalo wavuvi wa Dunga walikuwa wakija kumwomba awafungie, kwa sababu boti iliyofungwa na Joram haikuwahi kukutwa asubuhi inaelea. Kila likivutwa lilizidi kuuma, na likishauma halirudi nyuma.

"Halitamkaba?" Seline aliuliza.

"Nimeacha nafasi ya vidole viwili." Alimwonyesha, akivipitisha vidole vya mkono mzima kati ya kamba na shingo. "Fundo jingine watu watakuja kulifungua wampige. Hili hakuna mwanadamu atakayelifungua. Na wewe usiliguse."

Siku zilizofuata, kilichompata Joram kilimshangaza hata mwenyewe. Alikuwa haendi kazini kwa sababu ya mkono. Alivuta kigoda akaketi karibu na mbwa, asubuhi, mchana, jioni. Swali lake la kwanza akiamka lilikuwa, "Amekula?" Seline akisema amekula, naye alikula. Kama mbwa amesita kidogo, Joram alisukuma sahani yake kando. Nani angemlaumu? Uzima wake wote ulikuwa kwenye sufuria ya mbwa. Lakini haukuwa woga tu. Seline alimsikia akimsimulia Sukari habari za Awuor alipokuwa mdogo: jinsi alivyolia akitaka kupanda kila boti mpya kabla haijaingia majini, jinsi alivyompaka baba yake lami usoni. Mambo ambayo hakuwahi kuyasema tangu mazishi, hata kwa mkewe. Seline alisimama nyuma ya mlango na mwiko mkononi, akasikiliza mpaka ugali ukashika chini.

Walipanga zamu. Hakuna saa mbwa aliachwa bila mtu. Alianguka mara moja, karibu na nguzo ambapo kamba ilikuwa imelegea, Joram akiwa pale. Safari hii aliweka mikono yake nyuma, akaita, "Sukari, Sukari, tuko hapa, nyathina," kwa sauti ambayo mtu humwita nayo mtoto wake. Sukari akarudi. Joram alicheka, na machozi yakamtoka.

Zilibaki siku chache sana. Asubuhi moja Joram aliondoka mapema kwenda mjini kuchomwa sindano. Seline naye alikuwa hajauza kitu muda mrefu, na nyumbani hapakuwa na unga. Akatazama mbwa, akamwona ametulia, amekula. Akasema nitashuka mara moja tu, nitachukua samaki wangu nirudi kabla chai haijapoa.

Asubuhi ile boti zilikuja na samaki wa mbuta wakubwa kuliko ilivyokuwa kawaida, na gari la barafu likachelewa, na mizani ikawa na foleni. Adero, mwenzake wa siku nyingi pale ufuoni, alimwambia, "Wewe nenda, nitakupimia." Seline akasema, "Ngoja huyu mmoja tu." Akapimisha huyo mmoja. Halafu akapimisha wa pili.

Alipofika nyumbani hakusikia mkia ukipiga nguzo.

Sukari alikuwa amelala nyuma ya nguzo, upande usioonekana ukiwa mlangoni. Udongo ulikuwa umekwanguliwa na kucha. Kamba ilikuwa imevutwa hadi mwisho, na fundo lilikuwa limezama ndani ya manyoya mpaka halionekani. Alikuwa ameanguka, akakakamaa, akapiga miguu kama anavyopiga siku zote, na kila alipopiga, fundo lilikaza. Kifafa kilipoisha, fundo halikurudi.

Seline alipiga magoti, akamfunika macho na leso. Akamwita jina lake polepole, mara nyingi, ingawa alikuwa amepoa tayari.

Halafu akaanza kufikiri, na hapo ndipo moyo wake ulipopasuka mara ya pili. Joram alikuwa njiani anarudi. Akimwambia mbwa amekufa tu, amekutwa amekufa, Joram atajua ni kichaa, na ataanza kujichimbia kaburi kichwani mwake, kila kikohozi, kila kiu. Akimwambia ukweli, kwamba ni fundo, Joram ataishi, lakini ataishi akijua kwamba kitu cha mwisho cha Awuor kilikufa kwa mkono wake. Seline alimjua mumewe. Mtu yule aliweza kuvumilia kufa. Hilo la pili asingeliweza.

Alijaribu kulifungua fundo likamshinda. Akachukua kisu cha samaki akaikata kamba pembeni yake. Alitaka kulitupa motoni, lakini nywele za rangi ya chai zilikuwa zimenasa ndani yake, akashindwa. Akalichomeka juu, kati ya bati na boriti ya jikoni.

Joram aliingia uani na mkono wake umefungwa bandeji mpya nyeupe. "Amekula?" aliuliza.

"Baba Awuor, kaa chini."

Hakukaa.

"Ni mimi," Seline alisema. "Nilikata kamba yako anywe maji, nikamfunga tena. Nilifunga vibaya. Nikashuka ziwani. Kifafa kilimshika kamba ikamkaba. Si kichaa. Ni kamba yangu."

Joram alitazama leso iliyofunika kile kilichokuwa chini.  Halafu akasema, "Nilikuambia usiliguse fundo langu," akaingia ndani akafunga mlango.

Walubengo alikuja, akafuta miwani, akafanya kazi yake nyuma ya kibanda kwa heshima, peke yake. Alisema kichwa atakipeleka mwenyewe ofisini mjini kwa baiskeli. Seline akakataa. "Nitambeba mimi." Kufunga kitu kwenye barafu kisiharibike alikujua, alikuwa amefanya hivyo maisha yake yote. Alitandaza barafu ndani ya beseni lake, akaweka, akafunika kwa barafu nyingine, akatandika gunia lenye maji juu, akajitwika.

Mwili Joram aliuzika nje ya ua, hatua chache kutoka kwa Awuor, akichimba kwa mkono mmoja. Majirani walisema ni laana kumzika mbwa karibu na mtu. Waache waseme. Wao ndio waliokuwa hawawezi kugusa kikombe.

Njia ya mjini ilimwona Seline kama ilivyomwona kila siku, mama anayeuza samaki, maji ya barafu yakimtiririkia shingoni. "Una nini leo, Mama?" watu waliuliza. Alisema, "Leo sina." Karibu na soko, Wamaitha, mwenye hoteli ya chakula aliyehamia Kisumu miaka mingi iliyopita kutoka upande wa Murang'a, alitoka mlangoni akijifuta mikono. Huyu alikuwa mteja wake wa kudumu, na alikuwa na tabia ya kuinua gunia mwenyewe na kubonyeza samaki ili ajue kama ni wa leo.

"Umenipita kama hunijui," Wamaitha alisema, na mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye gunia.

Seline alirudi nyuma, beseni likayumba. Hakuwa amewahi kumkatalia. "Usifunue, mama. Leo si samaki."

"Ni nini basi?"

Seline alifungua mdomo aseme, na badala ya maneno kikatoka kilio, pale barabarani, na beseni kichwani asiweze hata kujifuta macho kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa imelishikilia. Wamaitha hakuuliza tena. Alitoa kitambaa kiunoni, akamfuta yeye, akatembea naye hadi ofisini.

Majibu yalichukua wiki kadhaa kutoka Nairobi. Walubengo aliyaleta mwenyewe. Hakukuwa na kichaa. Joram alisema asante, akampa mkono wake wenye kovu, akarudi kwenye boti.

Alipona. Alifanya kazi, alikula, alikwenda kanisani. Lakini alikuwa ameacha kumwita mkewe jina lake. Akitaka maji alisema, "Wewe, maji." Akitaka kutoka alisema, "Natoka." Seline aliendelea kumwita Baba Awuor, naye aliitikia kwa kichwa. Kwa hiyo jina la mtoto lilikuwa likitajwa na mdomo mmoja tu katika nyumba ile, na kuna siku Seline alishuka ufuoni mapema ili tu Adero amwite Mama Awuor alisikie. Mara kadhaa ukweli ulimfika kwenye ulimi. Aliumeza. Alisema, bora anichukie mimi, kuliko ajichukie yeye.

Mvua za masika zilipokaribia, bati la jikoni lilianza kuvuja. Joram alipanda juu ya stuli na nyundo. Seline alikuwa chini akiparua magamba ya samaki wa ngege, mawazo yake yakiwa mbali, mpaka aliposikia kwamba nyundo imenyamaza.

Joram alikuwa ameshika kipande cha kamba ya nailoni. Alikigeuza kwenye mwanga wa mlango. Alilisugua fundo kwa kidole gumba, akaona nywele za rangi ya chai zilizobanwa ndani. Fundi huijua kazi ya mkono wake hata gizani. Alishuka polepole, akakaa juu ya stuli ile ile.

"Mama Awuor," alisema.

Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile. Seline aliacha kuparua.

"Fundo hili wewe hujui kulifunga."

Seline alitazama mikono yake iliyojaa magamba. "Sijui," alisema.

Joram alikaa ameliweka fundo kwenye kiganja, juu ya kovu. Midomo yake ilikuwa ikitafuta neno, na lilipotoka halikuwa lile ambalo Seline aliliogopa muda wote ule.

"Alipoanguka, ulikuwepo?"

Angeweza kusema ndiyo. Uongo mmoja zaidi, baada ya ule mwingine, ungekuwa na uzito gani? Lakini alikuwa ameitwa Mama Awuor, na aliyekuwa na jina hilo alikuwa ameahidi.

"Sikuwepo," alisema. "Nilikuwa kwenye mizani. Alianguka peke yake, Baba Awuor."

Joram alishuka kwenye stuli akakaa chini kando yake, kwenye magamba na maji ya samaki, wakalia pamoja, na mvua ilipoanza kuingia pale kwenye bati lililofunguliwa hakuna aliyeinuka kulifunga.